Wenye Nembo Hawasikii Maumivu

Mama yangu alikuwa na nembo usoni. Mistari iliyopindapinda ilianza kwenye paji la uso, ikapita mashavuni, ikakutana kidevuni. Juu ya mdomo wa juu palikuwa na tundu dogo, alama ya ndonya, kile kipande cha mti ambacho wanawake wa Kimakonde wa rika lake walikivaa kama pambo. Alichanjwa akiwa msichana, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kabla vita vya kumwondoa Mreno havijamleta yeye na wazazi wake upande huu. Kwao uso usiochanjwa ulikuwa uso ambao haujamalizika. Alikuwa akiniambia hivyo akicheka, akinishika kidevu. "Wewe mwanangu nilikuacha njiani, sikukumaliza."

Mimi nilizaliwa Tunduru. Baba alikuwa Myao, mkulima wa korosho, mtu mpole aliyesali swala zote tano na kumfundisha mama kusali naye. Usoni sina alama yoyote. Niliolewa na Mngoni, nikahamia Songea, nikaweka cherehani yangu kwenye baraza la duka moja pale Majengo. Baba alipofariki nilimfuata mama shambani nikamleta kwetu mtaa wa Lizaboni. Hakutaka kuja. Alisema Songea kuna baridi na watu wanatazama. Baridi aliizoea. Kutazamwa hakukuzoea, ila aliacha kulalamika.

Sukari yake ilijulikana akiwa tayari kwetu. Alikuwa anakunywa maji mpaka tunashangaa, anakonda, macho yanaona ukungu. Tukaanza kwenda kliniki ya sukari kwenye hospitali ambayo sitaitaja, maana wengi waliokuwa pale wakati ule bado wapo, na wengine ni jirani zangu. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi refu la nje, wagonjwa wa sukari na wa presha pamoja, wengine wamebeba chai isiyo na sukari kwenye chupa. Nesi akitoka na kuwakuta wazee wenzake mama, alikuwa anainama kidogo: "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mmeamkaje?" Akifika kwa mama yangu alinigeukia mimi.

"Bibi anajua Kiswahili?"

"Anajua," nilijibu.

"Mwambie anyooshe kidole."

Mama alikuwa ameshanyoosha kidole. Alizungumza Kiswahili chake cha Tunduru tangu kabla nesi yule hajazaliwa, na alikuwa amelea watoto na kuuza korosho kwa Kiswahili hicho. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye niliona kwamba swali lile lilirudi kila manesi walipobadilishana zamu, kana kwamba aliyetoka alimwachia anayeingia.

Sitaki kusema walikuwa watu wabaya. Kama wangekuwa wabaya ningejua la kufanya. Walikuwa wanacheka naye. Mmoja, dada mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa akimwita "Mmawia wangu", jina ambalo watu wa huku huwapa Wamakonde wa Msumbiji na ambalo Wamakonde wenyewe hawalipendi. Alikuwa akisema mbele ya benchi zima, "Huyu msimchezee, atawachapa panga," na benchi linacheka. Mama naye alicheka. Nilipomuuliza njiani kwa nini anacheka, alisema, "Ningefanya nini? Nimwonyeshe panga?"

Kisha akaungua mguu. Ilikuwa asubuhi, amekaa karibu na jiko la mkaa akimkorogea mjukuu wake uji, sufuria ikapinduka. Uji ukamwagikia kifundo cha mguu na sehemu ya muundi. Kwa mtu mwenye sukari kidonda kama kile ni habari nyingine. Baada ya muda mfupi malengelenge yalipasuka, nyama ikaanza kugeuka rangi, na ikawa ni lazima kwenda kusafishwa kidonda siku kwa siku.

Chumba cha vidonda kilikuwa na vitanda viwili na pazia la kijani katikati. Nesi wa pale ni yule yule mwenye sauti nzuri. Kazi yake aliijua. Alikuwa na mkono mwepesi, na hakuziba pua kama wengine. Alichukua mkasi na koleo dogo, akaanza kukata nyama iliyokufa, akafika kwenye nyama iliyo hai, akaendelea. Mimi nilisimama kichwani kwa mama nimemshika mkono. Mama alitazama dari. Uso wake haukusogea hata kidogo, lakini kucha zake ziliingia kwenye kiganja changu. Siku ile sikuweza kushona. Mkono ulikuwa umevimba na nilidanganya wateja kwamba nimejichoma na sindano.

"Mnamwona huyu?" nesi aliwaambia wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wamesimama pembeni. "Hapa angekuwa mwingine mngesikia kelele mpaka stendi. Hawa wenye nembo hawasikii maumivu. Walichanjwa uso mzima wakiwa watoto, bila dawa. Hiki kwao ni kitu gani?"

Aliyasema kwa kumsifia. Hilo ndilo lililonishinda. Alimpigapiga mama begani, akamwambia, "Hongera bibi, wewe jasiri." Wanafunzi wakamtazama mama kama watu wanaotazama mti mgumu.

Nilijiambia labda ndivyo vidonda husafishwa, labda dawa ya ganzi haipo, na kweli mara nyingi dawa hazikuwepo. Tuliendelea hivyo. Mama aliamka, akavaa kanga yake safi, tukapanda bodaboda, akasafishwa, tukarudi. Jioni alikuwa hali chakula. Alikuwa anasema ugali unamkaa kooni.

Siku moja tulikuta kitanda cha upande wa pili kina mtu. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mngoni, mwanamke wa makamo ya mama au kumpita kidogo. Naye ana sukari, naye ana kidonda mguuni, chake kimetokana na kiatu. Pazia lilikuwa limevutwa nusu. Nesi alianza na yeye.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo usiniue."

"Siwezi kukuua mwalimu wangu. Ngoja nikuchome ganzi kwanza. Itauma kidogo sindano ikiingia, halafu hutasikia kitu."

Nilisikia kichupa kikigongwa kwa ukucha. Nilisikia mwalimu akivuta pumzi, kisha wakaanza kuzungumza habari za mahindi na mbolea, yeye na nesi, huku koleo likifanya kazi. Walizungumza mpaka mwisho. Alipomaliza alimfunga bandeji, akamsaidia kushuka, akamwambia apite pole pole kwenye ngazi. Akaja upande wetu, akavaa glavu nyingine, akachukua koleo.

Nikasema, "Dada, na mama naye naomba umchome ganzi."

Alinitazama kama nimesema jambo la kuchekesha. "Bibi? Bibi ganzi ya nini? Tumekuwa tukimsafisha siku zote hizi."

"Mwalimu umemchoma."

"Mwalimu anasikia maumivu."

"Na mama anasikia."

"Mbona hajawahi kulia?" Aliniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli. Kisha akaongeza, "Halafu dada, wenye sukari mguu hufa ganzi wenyewe. Wengi hata ukiwachoma msumari hawajui."

Inawezekana alisema kweli kuhusu wengi. Nimejifunza baadaye kwamba ni kweli, sukari huua hisia za miguu. Lakini mwalimu naye alikuwa na sukari. Nilimfungulia nesi kiganja changu, nikamwonyesha alama za kucha, za zamani na za juzi. Alizitazama. Akatazama uso wa mama.

"Bibi, inauma?" alimuuliza kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema na kiziwi.

Mama akasema, "Fanya kazi yako, mwanangu. Tuna safari."

Nesi akanigeukia, akanyanyua mabega, akaanza kukata.

Tulipofika nyumbani nilimkasirikia mama badala ya nesi. Nilimwambia ningemsaidia vipi kama yeye mwenyewe ananikana mbele ya watu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha. Aliniacha niseme yote.

"Nikilia," alisema, "watasema Mmawia analia kama ng'ombe. Nisipolia wanasema Mmawia hana maumivu. Kati ya hayo mawili nimechagua la pili. Lina heshima kidogo."

"Hakuna heshima pale, mama."

"Wewe huna nembo," akasema. "Wewe hujui nikiingia mlangoni wanaona nini."

Kesho yake nilikwenda kwa metroni, mkuu wa manesi. Alikuwa mama wa watu, mstaarabu, alinikaribisha kiti na kunisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza habari ya ganzi, ya Mmawia, ya panga, ya shikamoo isiyotolewa. Nilipokuwa nasema mwenyewe niliona jinsi mambo yale yanavyopungua yakitoka mdomoni. Kila moja peke yake lilikuwa dogo. Shikamoo! Nani anakwenda kwa metroni kushtaki shikamoo?

"Pole sana mwanangu," alisema. "Lakini hilo la kabila tuliondoe. Nchi hii hatuna ukabila. Yule binti ni mcheshi tu, ni utani. Sisi Wangoni tuna watani kila kona."

"Wamakonde wa Msumbiji si watani zenu, mama."

Akacheka kidogo. "Basi tumeshawafanya."

Niliondoka pale natafuta jina la jambo lile. Mtu akikupiga unasema amenipiga. Mtu akikuibia unasema mwizi. Lakini lile tulilotendewa, katika nchi ambayo haina ukabila, ningeliita nini? Hata mume wangu, ambaye alimpenda mama kwa dhati na kumbeba mgongoni siku za mvua, aliniambia nimechoka, naona mambo. "Manesi wote wakali," alisema. "Hata mimi walinifokea nilipopeleka mkono uliovunjika." Kweli walimfokea. Lakini walimfokea yeye, yeye kama yeye, kwa kuchelewa. Hawakumfokea uso wake.

Ganzi alichomwa baada ya pale, mara chache, metroni alipokuwa anapita. Kidonda hakikungoja. Kilishuka kwenye unyayo, kikaingia mfupani, vidole vikawa vyeusi. Alikuja daktari kijana, mgeni hapa, akaufungua mguu, akanusa, akatutazama sote wawili.

"Kwa nini mmechelewa kuleta?"

Hatukuchelewa. Tulikuwa pale kila siku. Nilimwambia hivyo, naye akamtazama nesi, na nesi akasema, "Hawa hawasemi, daktari. Wanavumilia mpaka mwisho." Daktari akaandika alichoandika. Na kwa sentensi ile, mguu wa mama ukawa kosa la mama.

Walimkata chini ya goti.

Baada ya upasuaji mama alilia. Ndiyo, alilia hatimaye. Wakati ule alikuwa wodini, na maumivu yalikuwa kwenye vidole ambavyo havipo tena, jambo ambalo daktari alinieleza kwamba huwapata wengi waliokatwa viungo. Alilia kwa Kimakonde, kwa sababu maumivu ya namna ile hayakumjia kwa Kiswahili. Aliita watu ambao mimi nawajua kwa majina tu, mama yake, dada yake aliyebaki ng'ambo. Nilipofika saa ya kuona wagonjwa mchana, nimebeba uji wa ulezi na dagaa wa Nyasa, sikumkuta kwenye kitanda chake. Walikuwa wamemsogeza mpaka mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo.

Nikamuuliza muuguzi wa zamu, kijana wa kiume, kulikoni.

"Wenzake wamelalamika," alisema kwa sauti ya chini. "Anaongea kilugha chake muda wote. Wanaogopa. Unajua tena, Wamakonde na mambo yao."

"Mambo gani?"

"Dada, usinitie matatani. Wanasema anaroga."

Nilitazama wodi. Kulikuwa na wanawake kama kumi hivi, wengine wana kanga nilizowashonea mimi. Hakuna aliyenitazama. Nilitaka kuwaambia kwamba mwanamke yule anamwita mama yake. Nilitaka kuwatafsiria neno kwa neno. Badala yake nilikaa, nikamlisha uji kwa kijiko, na alipokuwa anameza tone moja lilipita kwenye lile tundu la mdomoni, likashuka kidevuni, nikalifuta haraka ili wasione. Hilo nalo nimelichukia mpaka leo, kwamba nilifuta haraka.

Mama aliishi baada ya hapo, misimu kadhaa ya mahindi. Mume wangu alimchongea magongo. Alizoea kujikokota mpaka uani kuchambua mboga, na alirudi kucheka, lakini kliniki hakukanyaga tena. Dawa nilimfuatia mimi. Kama ni kupimwa, alisema atapimwa akiwa maiti. Alifariki asubuhi moja ya masika, moyo, au figo, au vyote; hatukumpeleka ili watuambie. Tulimzika kwa heshima zote. Nesi mwenye sauti nzuri alikuja msibani. Alilia, na nadhani alilia kweli. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Bibi yetu alikuwa jasiri." Niliitoa mikono yangu nikasema naenda kuangalia chai.

Sasa sukari imenifikia mimi. Nilitegemea, maana iko katika damu. Ninakaa kwenye benchi lile lile, au lililofanana nalo, wamelipaka rangi. Manesi ni wengine, isipokuwa wachache. Mimi naitwa kwa jina la mume wangu, jina la Kingoni kabisa, la watu wanaojulikana. Nesi wa sasa ni msichana mchangamfu. Kila nikifika ananipa shikamoo, ananiuliza watoto, ananipoza kidole kwa pamba kabla ya kukichoma. Mwanzoni nilimshukuru Mungu, nikasema mambo yamebadilika. Nilikwenda miezi na miezi nikiamini hivyo. Wakati mwingine hata nilijilaumu kwamba labda kweli nilikuwa naona mambo, kama alivyosema mume wangu.

Halafu akaja bibi mmoja kutoka Namtumbo, anayekaa kwa mwanawe hapa mjini. Ana nembo. Si kama za mama, za kwake ni chache, zimefifia, lakini ni zile zile. Ana kidonda kisigino. Alikaa karibu nami kwenye benchi, na nesi yule yule mchangamfu akatoka, akanipa shikamoo yangu, akamtazama bibi, akamgeukia mkwe wa bibi aliyemsindikiza.

"Bibi anasikia Kiswahili?"

Sikungoja. Nilisimama nikasema, "Muulize mwenyewe. Na ukienda kumsafisha, mchome ganzi."

Nesi alishangaa. "Mama, kwani ni ndugu yako?"

"Ni Mmakonde. Na mimi ni Mmakonde."

Alicheka akafunika mdomo. "Acha utani, mama. Wewe na uso wako mzuri hivyo!"

Benchi halikucheka. Nadhani waliona uso wangu mzuri ulivyokuwa wakati ule. Niliingia na bibi mpaka chumba cha vidonda, nikasimama pale na kiherehere changu mpaka nesi alipotoa sindano. Alichoma. Bibi akasafishwa bila kuminya mkono wa mtu. Tangu siku ile nesi hanipi shikamoo tena wala haulizi watoto. Ananihudumia sawasawa, kwa taratibu zote, kama anavyofuta meza.

Hilo nimelimudu. Nililoshindwa kulimudu ni la bibi mwenyewe. Tulipotoka nje nilidhani atanishika mkono. Alisimama ameegemea fimbo, akanitazama kwa uchungu.

"Umenitia aibu," alisema kwa Kiswahili safi. "Sasa wameniweka alama. Wewe utakwenda zako na jina lako la Kingoni. Mimi kesho kutwa narudi kwao, peke yangu."

"Bibi, nilitaka usiumie."

"Nani amekwambia nilikuwa naumia?"

Akaenda kukaa upande wa pili wa benchi, karibu na mkwe wake, akafunika uso kwa kanga mpaka machoni. Nilibaki nimesimama juani. Dirishani waliita jina la mume wangu, nikaenda kupima sukari.